Daftari la Pete za Jua

Mwanahamisi amezikwa na mimi sijamwomba radhi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa umri wangu tukikaa kuandika habari za ujana tuna tabia ya kuanza na ukoo, nani kamzaa nani na nani alihamia wapi, na mpaka tufike penyewe msomaji amekwisha lala. Ukoo wangu hauhusiki hapa. Kinachohusika ni mwaka mmoja niliokaa Bagamoyo nikiwa kidato cha tatu, nyumbani kwa Mama Felista aliyepokea wanafunzi, chumba kimoja na msichana wa Mlingotini aliyekuwa na pumu, huyo Mwanahamisi, tuliyemwita Mwana. Mwaka ule nilijifunza kuangalia anga, kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu. Mwaka huohuo nilijifunza kunyamaza, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Zuhura, binti mkubwa wa Mwana, ndiye aliyenipigia simu. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikamwitikia, kisha akaniambia. Mama yake alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, presha ikapanda, hawakuwahi hata kumfikisha zahanati. Nilimuuliza kama ni kifua. "Hapana, mama mkubwa," akasema. "Kifua kilikuwa hakimsumbui. Mimi tangu nipate akili sidhani kama nimemwona amebanwa hata mara tano." Nilipaswa kumshukuru Mungu. Badala yake nilikaa kitandani nimeshika simu na hasira imenijaa, kwa sababu msichana niliyemjua mimi alikuwa akibanwa mara mbili tatu kwa wiki, midomo inageuka rangi ya majivu, na watu wazima wawili walioheshimika walisema hakuna namna nyingine. Kumbe namna ilikuwepo. Tuliijua, mimi na yeye, tukiwa na sare za shule.

Nyumba ya Mama Felista ilikuwa mwisho wa mtaa, upande wa baharini. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na kabati la vioo ambamo vikombe vizuri vilikaa mwaka mzima bila kunywewa kitu. Sisi tulikuwa chumba cha nyuma: vitanda viwili, meza moja, dirisha la mbao linalotazama uani. Uani kulikuwa na jiko la bati, nyuma ya jiko mstari wa mivinje mirefu iliyopandwa kukinga mchanga, halafu bahari. Kila asubuhi kizingiti cha dirisha kilikuwa na vumbi la manjano, laini kama poda ya mtoto. Tulilifuta kwa kitambaa, kesho yake lipo tena, na hakuna aliyejiuliza linatoka wapi. Asubuhi uji wa mtama, jioni ugali na maharage au kisamvu, na baba yake Mwana akija mjini alituletea samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, tukawala mpaka tukafyonza miiba. Shule yetu ilikuwa na zamu mbili na sisi tulikuwa wa mchana, kwa hiyo asubuhi zetu zote zilikuwa mikononi mwa Mama Felista.

Mama Felista naye ni marehemu, na marehemu hasemwi vibaya, lakini nikimpamba nitakuwa muongo. Alikuwa amestaafu uhudumu wa wodi, na kwa kuwa aliwabebea madaktari trei miaka mingi aliamini udaktari ulimwingia kupitia viganjani. Hakuwa mchoyo. Hakuwa mkatili. Alimpenda Mwana, alimwekea maziwa pembeni, alimpaka mafuta ya mkaratusi mgongoni kwa mikono yake. Ila alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosea. Dawa yake kubwa ilikuwa kupunga hewa. Watu wengi wa pale walikuwa na imani hiyo, na hadi leo wapo, kwamba upepo unaopita kwenye mivinje husafisha kifua, kwa hiyo mwenye pumu hutolewa asubuhi yenye jua zuri akakalishwa chini ya miti avute hewa safi. Mwana alikuwa na kiti chake cha kamba pale chini. Siku ya jua na upepo mwanana alikalishwa kuanzia baada ya uji mpaka karibu na adhuhuri. Siku ya mvua alifungiwa ndani, madirisha yamefungwa, blanketi mpaka kidevuni, kwa sababu baridi ndiyo inayoleta pumu. Siku za mvua alikuwa mzima, anaimba chini ya blanketi. Mama Felista akasema blanketi limefanya kazi. Siku za jua kifua kilipiga filimbi mpaka tukaisikia jikoni. Akasema hajavuta hewa ya kutosha, kesho atoke mapema zaidi.

Mwana alikuwa mwembamba, mcheshi, na hesabu alizifanya kichwani wakati sisi tunatafuta kalamu. Alitaka kuwa daktari wa kifua. "Nimjue adui yangu kwa jina na anapokaa," alisema, akaniambia pia kwamba akishahitimu mgonjwa wake wa kwanza atakuwa Mama Felista, na atampa dawa ya kufunga mdomo. Tulicheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa kipupwe, wiki ambayo mvua haikuwa imedondoka hata tone. Uji uliungua, na zamu ya kuosha ilikuwa yangu. Niliijaza sufuria maji ili ukoko ulainike, nikaiacha uani. Nilipoinama kuisugua nililiona jua ndani ya maji, limefifia kwa sababu ya weusi wa ule uji ulioungua, na kulizunguka kulikuwa na pete za rangi. Karibu kabisa palikuwa na weupe wenye ubluu, kisha manjano, kisha wekundu wa tofali, halafu kijani hafifu na wekundu tena. Nikadhani ni mafuta. Nikamwaga maji, nikasugua kwa majivu, nikajaza tena. Pete zipo. Nikachukua sabuni.

"Skola! Sabuni hiyo ni ya wiki nzima!" Mama Felista alikuwa dirishani.

"Kuna mafuta, Mama."

"Mafuta ya uji? Tangu lini uji ukatoa mafuta?"

Mwana aliinuka kwenye kiti chake akaja, anahema, akainama juu ya sufuria. Akaniambia niisogeze. Nikaisogeza mpaka kwenye ukingo wa jiko, nikaizungusha, nikaitikisa, na maji yalipotulia pete zilikuwa palepale, zimelizunguka jua. "Mafuta hayawezi kulifuata jua," akasema. "Hizi ziko juu." Akasimama kwenye kivuli cha jiko, akajisogeza hatua moja moja mpaka pembe ya bati ikalifunika jua lenyewe, kisha akanivuta mkono. Nikaziona pete zimetokeza kandokando ya bati, juu ya anga lisilo na wingu hata moja. Tulisimama pale kama wajinga, tunacheka. Kabla ya saa sita alibanwa vibaya kuliko siku zote, akapelekwa kuchomwa sindano, na shule hakwenda.

Mimi nilikuwa karani wa klabu ya hali ya hewa. Shule ilikuwa na kipima mvua na kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe, na daftari moja kubwa lenye safu nne: mvua, joto, upepo, mawingu. Daftari lilikaa kwangu. Siku iliyofuata Mwana alichukua rula akachora safu ya tano, akaandika juu yake "pete," kisha akafikiri kidogo akachora ya sita, akaandika "kifua." Tukajaza kila siku kwa miezi minne. Haikuhitaji akili nyingi kuona tulichokiona. Mvua ikinyesha, kesho yake anga limeoshwa, hakuna pete, kifua kizuri. Siku ya pili ya ukavu pete hafifu, ya kujitafutia. Siku ya tatu na ya nne, jua kali na upepo mdogo unaotoka upande wa miti, pete mbili zimeiva rangi, na kifua kimebana. Upepo ukivuma kwa nguvu ukatawanya kila kitu, pete hupotea au hubaki ukungu tu. Kukiwa na mawingu mepesi nayo hufanya pete zake, zinakuja na kuondoka wingu linavyopita, na mwanzoni zilitudanganya, mpaka Mwana akagundua kwamba siku hizo hazimdhuru, tukaanza kuziandika kwa alama tofauti. Siku moja alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akautazama ule unga wa manjano, kisha akatazama ncha za mivinje zilizokuwa zimegeuka rangi ya kutu kwa maua. Alininyooshea kile kidole tu.

Tulijaribu mara moja. Ilikuwa siku ya nne bila mvua, pete zinaonekana wazi, na Mama Felista alikwenda kwenye jumuiya ya kanisani asubuhi nzima. Badala ya kukaa chini ya miti Mwana aliingia stoo, tukafunga mlango, tukaziba nyufa kwa kanga. Akakaa mle na kitabu cha bayolojia na tochi. Mchana alikwenda shule kwa miguu yake, akajibu maswali yote, akarudi anapiga mluzi. Siku ya pete mbili, kifua kizuri! Sijawahi kuandika kitu kwa furaha kama nilivyoandika neno lile. Mama Felista aliporudi akamkuta mzima, akasema, "Mnaona? Hewa ya leo ilikuwa nzuri." Kesho yake akamtoa saa moja kabla ya kawaida. Jioni Mwana alikuwa kitandani, vidole vimekamata ukingo wa meza, anapigania kila pumzi, na mimi nimekaa pembeni nampepea kwa daftari lenyewe.

Mwisho wa muhula Mwalimu Komba, mwalimu wetu wa jiografia, alikagua daftari mbele ya darasa. Alifungua, akakunja uso.

"Hii safu ya tano ni nini?"

"Pete za jua, Mwalimu."

"Na ya sita?"

"Kifua cha Mwanahamisi."

Darasa likaangua kicheko. Akasubiri kicheko kiishe, maana alikifurahia. "Sasa tumehamia kwa mganga. Kitabu gani kimeandika haya?"

"Hakuna, Mwalimu. Tumeyaona."

"Mmeyaona! Mnakodolea jua macho, halafu mnaona rangi. Hili ni daftari la shule. Futa."

Nilifuta. Miezi minne, mstari kwa mstari, nimesimama mbele ya wenzangu na daftari limelala mezani kwake, na ufutio ulipoisha nikaendelea kwa kidole nilichokilowesha mate. Alikuwa mwalimu wa hali ya hewa! Angeweza kutoka nje ya mlango, akalificha jua nyuma ya nguzo ya bendera, akatazama kwa dakika moja. Siku ile pete zilikuwepo. Nimeishi miaka yote hii najiuliza kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo ni hatua ngapi. Haziwezi kuzidi ishirini.

Wiki ile ile Mwalimu Komba alikuja nyumbani. Vikombe vizuri vilitolewa kabatini. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele na dirisha la sebule lilikuwa wazi.

"Hewa tumempa," Mama Felista alikuwa anasema. "Kila siku ya Mungu. Kama hewa ile haimfai, basi shule haimfai."

"Atatufia darasani, Mama."

"Ndiyo hofu yangu. Na huyu mwenzake anamjaza mambo ya pete. Mara jua, mara unga wa miti. Akili inachoka, kifua kinabana."

"Arudi kwao akapumzike. Mtoto wa kike, akipata mume mzuri hatakosa kitu."

Kisha nikaitwa. Niliingia na ungo mkononi. Mwana alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido, amejishika kwenye fremu, na alikuwa amesikia kila kitu. Mwalimu akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Wewe unalala naye chumba kimoja. Una la kusema kabla hatujamwandikia baba yake?" Nilikuwa nalo. Nilikuwa na siku zaidi ya mia kichwani, zimepangwa, mvua kwa mvua. Ningesema tu, ahamishwe chumba cha mbele, asitolewe chini ya miti siku za ukavu, mjaribu wiki mbili. Nikawatazama wakubwa wangu wawili na vikombe vyao. "Sina la kusema, Mwalimu," nikasema. Watu waliita hiyo adabu. Mama Felista alinipa kipande cha mkate wa sinia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikila.

Mwana aliondoka siku ya tatu. Tulikunja nguo zake, tukafunga godoro. Nje, baba yake alipokuwa anafunga sanduku kwenye baiskeli, Mwana alinigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Ungesema tu, Skola," akasema. "Hata kama wasingekubali. Ungesema."

Tulikutana tena mara nyingi. Nilikwenda kwenye harusi yake, nikamshika Zuhura akiwa na siku arobaini, nikala kwake sikukuu, naye akawa ananiita dada mbele ya watu. Siku ile ya sebuleni hatukuitaja. Mimi niliajiriwa kupima hali ya hewa. Kwenye mafunzo mkufunzi alitaja kwa sentensi mbili kwamba chavua, yaani unga wa maua ya miti, ikiwa nyingi hewani hulivika jua pete ndogo za rangi, hasa siku kavu zenye upepo mdogo, kisha akaendelea na somo lake. Niliziandika zote mbili, nikazipigia mstari. Sentensi mbili tu! Sidai kwamba kila mwenye pumu adui yake ni mvinje. Nasema adui wa Mwana alikuwa huyo, na tulikuwa na ushahidi, nikaufuta kwa mate yangu. Na baada ya hapo nilifanya nini? Nilijaza fomu za kazi. Mvua, joto, upepo, mawingu. Fomu haikuwa na safu ya pete na mimi sikuichora. Nilikuwa mtumishi mzuri, nikapewa na cheti.

Nilifika Mlingotini asubuhi ya pili baada ya maziko. Nikavua viatu, nikakaa mkekani pamoja na wanawake, nikapewa chai ya tangawizi na mhogo. Jirani mmoja alikuwa anasimulia vituko vya marehemu, kwa mapenzi, ili watu wapumzike kulia. "Bi Mwanahamisi na mambo yake! Siku nzuri, jua limewaka, kila mtu yuko nje, yeye kajifungia, hata madirisha kayafunga. Mvua ikinyesha ikakatika, wa kwanza kutoka ni yeye, kanga kiunoni, anafua nguo za nyumba nzima." Wakacheka. Mwingine akasema labda alikuwa na wenyewe, majini, wanaomzuia. Nikaweka kikombe chini kwa nguvu mpaka chai ikamwagika.

Zuhura akaniomba tuingie ndani. Chini ya kitanda cha mama yake alivuta sanduku la bati, akalifungua, akarudi nyuma. Lilikuwa limejaa madaftari, ya shule, ya kaunta, mengine hayana jalada. "Mama mkubwa, wewe ulisoma naye. Haya ni nini? Kila siku anatoka, anasimama kwenye pembe ya nyumba, anatazama juu, anaandika. Tukimuuliza anasema hesabu zake. Mjomba anasema isijekuwa mambo ya uganga, tuyachome."

"Mwambie mjomba wako asiguse hata karatasi moja," nilisema, na nilisema kwa sauti ambayo hata wale wa mkekani waliisikia. "Mwambie mama yenu hakuwa mganga. Ndiyo maana mmekua mkimwona mzima."

Nikafungua la chini kabisa. Lilikuwa daftari lake la jiografia la kidato cha tatu. Kurasa za nyuma alikuwa amenakili miezi yetu minne, safu zote sita, kabla sijazifuta, sikuwahi kujua. Juu ya ukurasa ameandika kwa ule mwandiko wake ulioinama: "Wapimaji: Skolastika na Mwanahamisi." Nikafungua jingine, na jingine. Watoto wamezaliwa humo, mume amekufa, nyumba imeezuliwa na upepo, na kila mwaka mpya umeanza na mstari uleule na majina yaleyale mawili. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku aliyofariki: mvua ya usiku, hakuna pete, kifua kizuri, nakaa nje.

Sikulia. Hasira haikuniacha nafasi. Nilichukua kalamu na daftari lile la mwisho, nikapita katikati ya wanawake, nikaenda kwenye pembe ya nyumba. Nyuma ya msikiti kulikuwa na mivinje. Nilijisogeza hatua moja moja mpaka pembe ya bati ikalifunika jua. Kisha nikapiga magoti mchangani, nikaandika mstari wa siku ile, nikikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: hakuna mvua, jua kali, upepo mdogo kutoka baharini, hakuna mawingu, pete moja hafifu. Safu ya kifua nikaiacha tupu.